Kabla Pikapu Haijapanda Mizani

Ukisafiri kutoka Somanga hadi Nangurukuru, ukakata kushoto kwenda Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko, kisha ukarudi barabara kuu na kuteremka Mchinga mpaka Lindi mjini, utayaona kila baada ya mwendo mfupi. Yako uani, kando ya gereji, nyuma ya ofisi: magari yaliyowekwa juu ya mawe. Hapa Hilux ya miaka ya 1990 isiyo na magurudumu. Pale Land Cruiser ya mradi uliokwisha zamani, mkonga wa kuvutia hewa bado umesimama ubavuni. Mbele kidogo Land Rover One Ten imeota majani kwenye kabini. Ukimuuliza mwenyewe atakwambia gari limekufa, anasubiri wanunuzi wa vyuma chakavu wapite.

Mara nyingi gari hilo halijafa lote. Kilichokufa ni chasisi, na kwa Toyota bodi pia. Injini, giaboksi, difu, ekseli na stata vingali na miaka ya kazi ndani yake. Hoja yangu ni kwamba pikapu ya pwani hii huisha tofauti na pikapu ya Iringa au Mbeya, na kwa sababu hiyo haifai kuuzwa kwa kilo kabla haijafunguliwa na fundi anayejua anatafuta nini. Tena ifunguliwe mapema. Kinachowapotezea watu fedha zaidi huku kwetu ni kusubiri.

Tuanze na chumvi, maana ndiyo inayoamua kila kitu. Chuma kikikutana na maji na hewa hushika kutu popote duniani. Kazi hiyo hufanyika kwa mkondo mdogo wa umeme unaopita kati ya sehemu moja ya chuma na nyingine, na maji ya chumvi hupitisha umeme huo vizuri kuliko maji ya mvua. Chumvi ina tabia ya pili iliyo mbaya zaidi: huvuta unyevu wa hewani. Chasisi iliyopata chumvi hubaki na unyevunyevu hata siku ambazo hakuna tone la mvua, kwa hiyo kutu hula usiku na mchana, masika na kiangazi. Na pikapu ya hapa haipigwi na upepo wa bahari tu. Hubeba magunia ya chumvi kutoka mashambani, hubeba samaki na pweza waliofunikwa barafu, na maji yale hutiririka kutoka bodi la nyuma yakaingia moja kwa moja kwenye chasisi.

Chasisi ya Hilux imetengenezwa kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Ina matundu, na kupitia matundu hayo huingia tope, mchanga na maji ya samaki. Sehemu ya nyuma, pale chasisi inapopinda kwenda juu kuipisha ekseli, uchafu hukaa na hautoki. Hapo ndipo kifo huanzia. Fundi mzoefu hupita na nyundo ndogo akigonga: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu, na wakati mwingine nyundo huzama. Rangi ya juu inaweza kuwa inang'aa huku chuma cha ndani kimebaki unene wa karatasi.

Sasa linganisha na injini. Ndani yake mna oili. Giaboksi imejaa oili, difu imejaa oili. Hata nje, injini kuukuu ya dizeli huwa imevuja kidogo ikajipaka yenyewe utando mweusi, na utando huo ambao mwenye gari huulalamikia kila siku ndio unaoizuia chumvi isifike kwenye chuma. Ndiyo maana unaweza kukuta Hilux imekatika nyuma ya kabini lakini injini yake ikapiga kwa funguo mara moja.

Land Rover ni kinyume chake. Kiwanda kilianza kutumia aluminiamu kwenye bodi tangu 1948, na aluminiamu haishiki kutu nyekundu. Lakini chasisi ni ya chuma, na huoza kama nyingine. Hivyo kwenye One Ten, milango, boneti na mabati ya ubavuni yanafaa kutunzwa, jambo ambalo hulifanyi kwa Hilux. Angalia tu pale aluminiamu inapogusana na boliti za chuma: ukiona unga mweupe umetokeza, hapo pameanza kuliwa.

Kwa nini magari haya yamejaa pwani hii? Jibu liko barabarani. Mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, Rufiji ilivukwa kwa kivuko, na hata baada ya daraja, kipande cha Ndundu hadi Somanga kilikawia miaka mingi kupata lami. Masika yakianza, magari yalilala kwenye tope. Aliyetaka kufika Kilwa au Lindi alihitaji gari la juu, lenye difu mbele na nyuma, la injini ya dizeli isiyo na mambo mengi. Serikali ilinunua hayo, miradi ilinunua hayo, wafanyabiashara wa samaki, ufuta na korosho wakayafuata yalipouzwa kwa mnada. Lami imekuja, lakini Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopiga, barabara ilikatika eneo la Somanga na magari yakakwama pande zote mbili. Siku kama hizo, mtu wa Kilwa Masoko aliyezoea kuagiza spea Kariakoo, mwendo wa kilomita zipatazo 300, hana budi kutazama kilichopo karibu naye.

Ukosefu wa vipuri kusini si jambo la jana. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga, na Nachingwea ikawa moja ya maeneo yake matatu pamoja na Kongwa na Urambo. Walileta matrekta na mabuldoza yaliyobaki vitani, hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Mashine zikaharibika haraka kuliko zilivyoweza kutengenezwa, vipuri havikupatikana, na mwanzoni mwa 1951 mpango ukaachwa. Wanahistoria hutaja sababu nyingi, mvua na udongo zikiwamo, lakini yeyote aliyewahi kushika spana ataiona ile ya vipuri kwanza.

Mfano mwingine wa karibu ni wa kuokoa, na ni mkubwa. Manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg ilijificha kwenye delta ya Rufiji, kaskazini tu mwa Kilwa, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar Septemba 1914. Julai 1915 ilipigwa hadi haikufaa tena, na wenyewe wakaizamisha. Meli ikawa imekufa, lakini mizinga yake kumi ya milimita 105 haikuwa imekufa. Ilitolewa, ikapelekwa Dar es Salaam, ikatengenezewa magurudumu kwenye karakana ya reli, na ikapigana nchi kavu katika vita vilivyobaki. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, mwingine Pretoria, mwingine Jinja. Bodi la meli lenyewe lilikuja kukatwa kama chuma chakavu miaka mingi baadaye. Mpangilio ulikuwa sahihi: kwanza kilicho hai kikatolewa, kisha kilichobaki kikaenda kwa kilo.

Turudi kwenye Hilux yetu na hesabu ya fedha. Mnunuzi wa vyuma chakavu hulipa kwa kilo, na kilo moja ya chuma ni mamia ya shilingi. Giaboksi ni mzigo wa watu wawili, tuseme kilo hamsini. Kwenye mizani itakupa makumi ya maelfu, basi. Giaboksi hiyohiyo ikiwa nzima, gereji za Lindi au Mtwara huizungumza kwa mamia ya maelfu. Chuma ni kilekile, uzito ni uleule. Kinacholipiwa gereji ni umbo la zile gia, kazi ambayo kiwanda kilishaifanya. Mizani haiwezi kuona kazi hiyo. Ikishakatwa kwa gesi na kupandishwa lori kwenda kuyeyushwa kuwa nondo, imepotea moja kwa moja.

Thamani hiyo huongezeka kwa sababu Toyota walitumia injini za ukoo mmoja katika magari mengi. Injini ya 2L yenye sisi (cc) 2,446, 3L yenye 2,779 na 5L yenye 2,986 zote ni ndugu, na zilifungwa kwenye Hilux na kwenye Hiace pia. Mwenye Hilux iliyooza Kivinje ana mteja anayeendesha Hiace ya abiria. Vivyo hivyo 1HZ ya silinda sita, sisi 4,164, iliyo kwenye Land Cruiser za mkonga, ndiyo iliyofungwa kwenye Coaster nyingi. Kwa hiyo anayefungua pikapu asifikirie wenye pikapu peke yao.

Lakini spea kuukuu ina ugonjwa mmoja: mnunuzi haiamini. Injini iliyolala sakafuni haisemi ilikuwaje. Ndiyo maana nasisitiza gari lipimwe likiwa bado linawaka, kabla spana haijagusa boliti. Liwashwe likiwa baridi, mbele ya mnunuzi ikiwezekana. Injini ikiunguruma, fungua mfuniko wa kutilia oili: mvuke mwembamba ni wa kawaida, lakini moshi ukisukuma kwa nguvu na kuurusha mfuniko, rinji na silinda zimelika. Chomoa kijiti cha oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, ama gasketi imekwenda ama silinda hedi imepasuka. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi mzito mara nyingi ni nozeli au pampu, na hilo halimkatishi tamaa fundi. Inua magurudumu ya nyuma kwa jeki, ingiza gia moja baada ya nyingine, sikiliza. Yote haya yachukue video kwa simu. Video ya dakika tatu yenye namba ya injini ikionekana inaweza kupandisha bei kuliko maneno ya siku nzima.

Difu inahitaji uangalifu wa peke yake, kwa sababu hapa ndipo watu wengi huuziana hasara. Fungua nati ya kumwagia oili, ipitishie sumaku. Unga laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyong'aa, hata vidogo kama magamba ya dagaa, maana yake jino limevunjika au beringi imekwisha. Kisha jua uwiano wake. Zuia gurudumu moja lisizunguke, zungusha la pili mizunguko miwili kamili, huku mwenzako akihesabu propela imezunguka mara ngapi. Ikizunguka mara nne na sehemu ya kumi, difu hiyo ni ya 4.1, ikipita nne na nusu kidogo, ni ya 4.5 na ushei. Andika kwa rangi juu ya difu. Gari lenye difu mbele na nyuma lazima liwe na uwiano sawa kote kuwili. Ukifunga ya 4.1 mbele na ya 4.5 nyuma, gari litakwenda vizuri mpaka siku utakapoingiza foo-wili. Hapo mbele na nyuma zitashindana, na transfa ndiyo itakayolipa. Toyota za namna hii zina kibati ndani ya boneti chenye namba ya chasisi, aina ya injini, na herufi za giaboksi na ekseli. Kipige picha kabla boneti haijauzwa. Nimeona vibati hivyo vikitupwa pamoja na mabati, na ndivyo vyenye majibu yote.

Kufungua kwenyewe pwani ni kazi ya subira. Boliti zimeshikana na kutu. Zikilazimishwa hukatika, na boliti iliyokatikia ndani ya bloku hugharimu kuliko siku mbili za kusubiri. Zilowekwe kwa mafuta mepesi usiku kucha, zigongwe kichwani, zijaribiwe kwa kukaza kidogo kabla ya kulegeza. Gesi iwe mkono wa mwisho, na isiwashwe kabisa kabla tangi la mafuta na mabomba yake hayajaondolewa na kupelekwa mbali.

Na ikishatoka, kazi haijaisha. Injini iliyong'olewa ikaachwa wazi kibarazani Kilwa, ndani ya msimu mmoja rinji hushikana na silinda kwa kutu, na hapo imegeuka chuma cha kilo. Mimina oili kidogo kwenye kila silinda, zungusha krenki kwa mkono, ziba kila tundu kwa kitambaa na plastiki iliyofungwa kwa waya, iweke juu ya mbao chini ya paa, upande usiotazama bahari. Ipake nje oili au grisi. Kila mwezi izungushe tena robo mzunguko. Ni kazi ya dakika chache, na ndiyo inayotofautisha duka la spea na lundo la takataka.

Kuna vipande ambavyo havirudi kwenye gari lakini thamani yake ni kubwa, na hapa napenda kukaa kidogo kwenye springi. Mabapa ya springi za nyuma ni chuma chenye kaboni ya kutosha, kilichotengenezwa kwa kupinda na kurudi maelfu ya mara. Mhunzi wa pwani anakijua. Hulitia bapa kwenye mkaa unaopulizwa hadi liwe jekundu, hulinyoosha juu ya fuawe, hulikata na kulipa umbo la tezo au patasi. Likishapata umbo hulirudisha motoni mpaka sumaku isilishike tena. Hiyo ndiyo dalili kwamba joto limefika. Kisha hulizamisha kwenye oili, si kwenye maji, kwa sababu maji hulipoza haraka mno na chuma cha namna hii hupasuka. Sasa ni gumu lakini linavunjika kama kioo. Husuguliwa ling'ae, hupashwa taratibu upande wa mgongo, na rangi husogea juu ya chuma ikielekea makalini: njano ya majani makavu, kisha kahawia. Kahawia ikikaribia makali, huliondoa na kuliacha lipoe. Tezo hilo litachonga mbao za mashua Kilwa kwa miaka. Mafundi wa mashua wa Kivinje na Songo Songo hawana duka la kununua tezo bora kuliko la chuma hiki. Mhunzi achague mabapa yaliyokuwa mazima. Lililovunjikia njiani mara nyingi lina nyufa nyingine zisizoonekana kwa macho.

Ekseli ya nyuma na habu zake hufaa tela la kusombea chumvi, kuni au magunia ya ufuta. Rejeta za zamani ni za shaba na zinauzwa peke yake, kama nyaya. Nyaya zichunwe, maana zikichomwa moto moshi wa plastiki yake ni sumu, na mara nyingi wanaochoma ni watoto. Wako pia wanaotafuta masega, yale yaliyo ndani ya ekzosi yenye madini ghali kama platinamu na paladiamu. Hilux na Land Cruiser za dizeli za miaka ile hazina masega, kwa hiyo asikudanganye mtu. Pikapu za petroli za miaka ya karibuni zinayo, na mwenye gari ajue kabla hajaachia ekzosi kwa bei ya bati.

Mambo ya kutorudisha barabarani yapo, na hapa sina mjadala. Mabomba ya breki ya chuma yaliyokaa pwani, mipira ya breki, mikanda ya kiti, tairodi na boljointi zilizolegea, vyote viende kwenye lundo. Matairi yana tarakimu nne ubavuni: 2315 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2015. Tairi la umri huo, hata kama kashata zake zimesimama, mpira wake umekauka. Brekishu za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Vumbi lake lisipulizwe kwa hewa bali lifutwe kwa kitambaa chenye maji. Na kile kitendo cha kukata kipande cha chasisi ya gari moja na kukiunga kwenye chasisi nyingine iliyooza, kwa kuchomelea juu ya kutu, kikomeshwe. Gari hilo litabeba abiria wa mnada, na litakatika siku limejaa.

Aluminiamu ya pistoni na giaboksi huyeyushwa kuwa masufuria katika miji mingi ya Afrika Mashariki. Watafiti waliopima masufuria ya namna hiyo katika nchi kadhaa, Kameruni ikiwamo, walikuta risasi ikitoka na kuingia kwenye chakula. Aluminiamu ya gari itumike kwa vipuri na mapambo ya milango, isifike jikoni.

Betri ni suala zito zaidi. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, ndiyo maana wanunuzi huigombania. Wako wanaoipasua uani, wakamwaga tindikali mchangani na kuyeyusha risasi kwenye kopo. Tunajua mwisho wake kwa sababu umetokea pwani yetu hii, Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi jirani na makazi, watoto wakakutwa na risasi damuni. Phyllis Omido, aliyekuwa amefanya kazi hapo na mwanawe mwenyewe akaugua, aliongoza mapambano yaliyompa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na baada ya mvutano wa rufaa Mahakama ya Juu ikairudisha amri hiyo Desemba 2024. Fidia haiondoi risasi mwilini mwa mtoto. Betri itoke kwenye gari ikiwa nzima, iende kwa mnunuzi mwenye kibali ikiwa nzima. Oili chafu nayo ikusanywe kwenye madumu. Visima vya pwani ni vifupi, mchanga haushiki kitu, na kinachomwagwa gereji Kivinje hakikawii kufika kwenye ndoo ya jirani.

Makaratasi yanachosha lakini yanalinda. Kabla ya kufungua gari, kadi iwepo na namba ya chasisi ilingane na iliyogongwa kwenye chuma. Isipolingana, kazi isimame. Mwenye gari aiarifu Mamlaka ya Mapato (TRA) kwamba gari linaondolewa barabarani, arudishe namba. Zamani ada ya mwaka ya leseni ya gari iliendelea kuhesabiwa hata kwa gari lililo juu ya mawe, na wengi walikwepa kwenda TRA kwa kuogopa deni. Ada hiyo ilifutwa katika bajeti ya 2017/18 na kuhamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo kisingizio kimepungua. Anayekusanya vyuma chakavu, betri na oili chafu kama biashara anahitaji kibali chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayosimamiwa na baraza la mazingira, NEMC. Na kila kipande kinachotoka kiandikwe: kimetoka gari gani, kimeuzwa kwa nani, lini. Wenye magari wanaoibiwa taa na vioo wana haki ya kuhoji spea ilikotoka, na fundi mwaminifu asiye na kumbukumbu hana cha kuonyesha. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Nimeacha la serikali mwisho kwa makusudi. Sehemu kubwa ya magari niliyoyataja ilianza na namba za STK, SM, SU au DFP, yaani za serikali, halmashauri, mashirika ya umma na miradi. Yakiharibika husubiri tathmini, kibali, kisha mnada, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ameeleza zaidi ya mara moja kuhusu magari yanayotelekezwa kwenye yadi za taasisi za umma. Bara, gari linalosubiri miaka mitatu hupoteza kitu. Pwani ya Lindi, hupoteza karibu kila kitu: injini iliyokuwa inawaka siku ya kupaki, siku ya mnada haizunguki. Utaratibu wa mnada una sababu zake na siutaki ufutwe, maana unazuia wizi. Lakini hakuna kinachozuia halmashauri kumwagiza fundi wake, siku gari linapotangazwa halifai, atie oili kwenye silinda, azibe matundu, aondoe betri na kuliweka gari chini ya paa. Gharama yake haifiki bei ya tairi moja.

VETA Lindi hufundisha vijana ufundi wa magari. Ningependa wafundishwe pia kuua gari kwa mpangilio: kupima likiwa linawaka, kufungua bila kukata, kuhifadhi, kuandika. Halmashauri za Kilwa, Mtama na Lindi ziwape magari mawili matatu yaliyokwisha muda wayafanyie mazoezi. Na wewe msomaji, kama una pikapu imesimama na unajua moyoni kwamba haitarudi barabarani, mwite fundi wiki hii, iwashe mara ya mwisho, ipime, ifungue. Masika yajayo utakuwa umechelewa.